Orpha na Kishoka cha Siku ya Kurudi

Mke wangu aliitwa Orpha. Alizaliwa Orpha Messick, akafa Orpha Tull. Aliishi miaka sabini na mmoja. Hamsini na miwili ya mwisho nilikuwa naye.

Alizaliwa kwa wafuga kuku akaolewa na mfuga kuku. Hapa kwetu Penrose, kwenye rasi hii iliyo kati ya ghuba ya Chesapeake na bahari, mtu hufuga kuku, au huwachinja kiwandani, au hulima soya ya kuwalisha. Orpha alifanya yote matatu. Akiwa na miaka tisa kazi yake ilikuwa kuokota kuku waliokufa bandani kabla ya kwenda shule. Alikuwa akisema ndiyo maana haogopi maiti wala mwanasiasa.

Baba yake alikuwa mtu wa Punda. Baba yangu alikuwa mtu wa Tembo. Ndivyo tunavyoviita vyama hapa, kwa alama zao. Democratic ni punda, Republican ni tembo. Nilipokwenda kuposa, mzee Messick alinitazama kutoka viatu hadi kofia.

"Kijana si mbaya," akamwambia mkewe, mimi nipo. "Ila ni Tembo."

"Atafundishika," mama akasema.

Sikufundishika.

Kila uchaguzi mimi na Orpha tulikwenda kituo cha zimamoto kwa pikapu moja. Yeye alimpigia Punda, mimi nikampigia Tembo. Kura yake iliua yangu, yangu ikaua yake. Kisha tukanywa kahawa.

"Tungelala tu," alikuwa akisema. "Nchi isingejua."

"Lala wewe kwanza," namwambia.

Tulikuwa na mapatano. Mmoja akishindwa kwenda, na mwenzake haendi. Mwanetu Dean alizaliwa siku ya uchaguzi, nami sikwenda. Mwaka niliovunjika mguu, Orpha hakwenda, na mtu wake alishindwa. Hakunilaumu. Alinipikia kuku na madonge ya unga, akaniambia nile, Tembo wangu amenenepa na mimi ninenepe.

Figo zake zilikufa akiwa na miaka sitini na minane. Tukamshukuru Mungu kwamba kliniki ya kusafisha damu ilikuwa hapa hapa, kwenye jengo la maktaba ya zamani. Mashine nne. Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, muda wa saa nne kila mara. Kutoka nyumbani ni dakika kumi. Kliniki ya pili iko mwendo wa saa moja na nusu, na daraja refu katikati.

Mashine zile hutumia maji kuliko banda la ng'ombe, na hutaka maji safi kuliko ya kunywa. Maji ya visima vyetu yameharibika kwa mbolea ya kuku. Ni mbolea yetu wenyewe, sina wa kumlaumu. Orpha alipofika miaka sabini, wakaguzi wakasema kaunti isimike mtambo mpya wa kuchuja maji, au iwe imetia sahihi mkataba wa kuusimika, kabla ya tarehe thelathini na moja Desemba. La sivyo kliniki inafungwa.

Baraza la kaunti lina watu watano. Wawili walitaka mtambo. Wawili hawakutaka. Wa tano alikuwa Twila Hitchens, mtu wa Punda, rafiki wa Orpha tangu kwaya ya watoto. Twila alisema anautaka. Lakini kila mwezi alisema tungoje uchaguzi upite, asije akaitwa mpandisha kodi. Ulikuwa uchaguzi wa katikati ya muhula, ule ambao rais hayumo lakini kila mtu anampiga au anambeba. Twila alikuwa anatetea kiti chake. Aliyekitaka ni Royce Lankford, mtu wa Tembo, muuza matrekta. Royce alisema mtambo ni anasa.

Jumanne ya uchaguzi Orpha alikuwa kwenye mashine tangu asubuhi. Tungekwenda kupiga kura mchana akitoka. Saa nane simu ikalia.

"Elwood, hawaniachi nitoke. Presha imeshuka. Nikisimama naona nyota."

"Nije?"

"Usije. Nenda kapige kura."

"Na mapatano?"

"Yaweke kando leo. Kapige yangu. Mpigie Twila. Mara hii moja tu, mzee, halafu urudi zizini kwa tembo wako."

"Haya," nikasema.

Nilikwenda. Nikapewa karatasi na kalamu, nikasimama kwenye kile kibanda chenye pazia. Jina la Twila lilikuwa juu. La Royce chini yake. Sina maelezo. Mkono ulikwenda ulikozoea. Nilipotazama, duara la Royce lilikuwa jeusi. Ningeweza kuomba karatasi nyingine. Yule mama pale mezani ananijua, angenipa. Sikuomba.

Jumatano asubuhi Orpha alikuwa jikoni anakaanga scrapple, ule mkate wa mabaki ya nguruwe na unga wa mahindi, na redio iko wazi. Wakatangaza. Royce ameshinda kwa kura kumi na tisa.

Alizima jiko.

"Kumi na tisa," akasema. "Hao wanaenea kwenye basi la kanisa na nafasi inabaki."

Mimi nilikunywa kahawa.

Hakulia. Alikaa akawaza kwa sauti, kama alivyozoea. Twila hatoki kwenye kiti mpaka mwaka mpya. Baraza linakutana mara moja Desemba. Twila akipiga ndiyo, wanakuwa watatu kati ya watano, na mkataba unatiwa sahihi. Lakini Royce akiingia Januari anaweza kuuvunja, na hakuna fundi atakayekubali kazi ya kuvunjwa. Kwa hiyo lazima wakubaliane wote wawili, anayetoka na anayeingia.

"Na kesho ni Siku ya Kurudi," akasema.

Siku ya Kurudi tumeikuta na wazee wetu waliikuta. Ni Alhamisi baada ya uchaguzi. Maofisi hufungwa mchana. Ng'ombe mzima huokwa, watu hula bure. Matokeo husomwa kwa sauti kutoka roshani ya mahakama, na mshindi na mshindwa wa kila kiti hupanda gari moja la farasi, wakikaa wakitazamana, wakazungushwa uwanja. Mwisho wenyeviti wa vyama hushika kishoka kimoja kwa mikono miwili na kukifukia kwenye sanduku la mchanga, ishara kwamba ugomvi umezikwa. Tumelelewa kwamba neno lililosemwa ndani ya gari lile halirudishwi. Babu yangu aliuza shamba kwa neno la namna hiyo, hakuandika popote.

Orpha aligawa mikate ya nyama siku hiyo kwa miaka thelathini. Punda walimpigia foleni na Tembo walimpigia foleni. Tembo aliwawekea mafuta zaidi. Alisema wafe mapema.

Sasa mtu wa kwaya akapiga simu. Twila amekataa kupanda gari. Jambo hilo halijawahi kutokea.

"Lete ufunguo," Orpha akaniambia.

Twila alifungua mlango akiwa na vazi la kulalia, saa nne asubuhi.

"Orpha, kama umeleta pole, iache hapo barazani. Mbwa atakula."

"Sijaleta pole. Kesho unapanda gari."

"Na yule muuza matrekta? Nimtazame mzunguko mzima anavyotafuna ubani? Thubutu."

"Watazame farasi."

"Farasi wamenigeuzia mkia kama wapiga kura wote. Niache, shoga."

"Twila, mimi nataka mtambo wa maji. Huna haja ya kumpenda. Panda, mwambie mbele ya watu: mimi napiga ndiyo Desemba, wewe usiuvunje Januari. Basi. Ukishuka mtukane."

Twila akajikunyata mlangoni.

"Kumi na tisa, Orpha. Nimekaa usiku nawataja kwa majina. Nyumbani kwenu ni nani aliyenipigia?"

"Mimi nilikuwa nimelazwa. Elwood alikupigia."

Twila akanigeukia. "Elwood? Huyu Elwood Tull?"

"Muulize mwenyewe."

Nilitazama viatu vyangu.

"Aliniambia nikupigie," nikasema. Hilo lilikuwa kweli.

Twila alicheka mpaka akakohoa. Kisha akalia, akajifuta kwa mkono wa lile vazi. "Kama Elwood amevuka mto," akasema, "na mimi nitapanda hilo gari lenu."

Tukarudi kwenye pikapu. Tulipita mabanda ya Wilgus, tukapita kinu cha soya.

"Ulimpigia Royce," Orpha akasema.

"Ndiyo."

"Nilijua jana. Nilikuta umeosha vyombo. Miaka hamsini hujaosha hata kijiko."

Nilibadilisha gia.

"Wala usinidanganye kwamba kura moja si kitu. Wangebaki kumi na saba. Angeshinda tu, najua kuhesabu. Lakini mimi naweza kufa kwa kura hiyo, Elwood. Unalijua hilo?"

"Najua."

"Basi geuza gari. Mimi nimekwenda kwa mtu wangu. Wewe nenda kwa wako."

Royce alikuwa kwenye uwanja wake wa matrekta, anapeana mikono na wateja. Orpha alibaki ndani ya pikapu. Nilimwona kwenye kioo, amefumba macho.

"Mzee Elwood!" Royce akasema. "Karibu, karibu. Nyie ndio mlionibeba."

"Mke wangu anasafishwa damu mara tatu kwa wiki," nikamwambia. "Usiuvunje mtambo Januari."

"Mzee wangu, niliahidi watu kodi haipandi."

"Nilikupigia kura."

"Na ninashukuru."

"Aliniomba nisikupigie. Nikakupigia."

Aliacha kutafuna. Akatazama pikapu. Simwiti mtu mbaya. Alivua kofia.

"Twila akipiga ndiyo Desemba," akasema, "sitaugusa. Nitamwambia kesho ndani ya gari, kila mtu asikie."

Alhamisi Orpha aliomba aunganishwe kwenye mashine alfajiri, awahi. Hakuweza kugawa mikate. Nilimwekea kiti cha kukunja kando ya barabara, blanketi magotini. Watu walimsalimia, Punda na Tembo.

"Dada Orpha, leo nani ataniwekea mafuta?"

"Nenda kwa daktari wako, Merle, atakuwekea."

Gari lao lilikuja la tano. Twila amevaa kofia nyekundu, Royce koti la harusi. Watu wakawapigia kelele.

"Twila, mshike mkono asianguke!"

"Royce, muuzie trekta! Sasa ana nafasi ya kulima!"

Orpha alinyanyua mkono, yule dereva akavuta hatamu. Royce akainuka nusu, akamnyooshea Twila mkono.

"Wewe piga ndiyo Desemba," akasema kwa sauti, "na mimi sitaugusa."

"Nitapiga," Twila akasema, akaushika ule mkono. "Umesikia, Orpha?"

"Nimesikia. Na farasi wamesikia."

Watu wakapiga makofi. Mwalimu mstaafu aliyesimama nyuma yetu alisema hivi ndivyo nchi nzima ingekuwa. Wenyeviti wakafukia kishoka, wakapigwa picha. Orpha alikula mkate mzima wa nyama, na chumvi amekatazwa. Sikumzuia. Sijamwona ana furaha hivyo tangu harusi ya Dean.

Baraza lilikutana Jumanne ya pili ya Desemba. Kabla ya siku hiyo wenyeviti wa vyama walitembea. Hili aliniambia Twila mwenyewe, baadaye, alipokuwa hawezi tena kunitazama.

Mwenyekiti wa Punda alimwendea Twila jikoni kwake. Akamwambia miaka miwili ijayo ni uchaguzi wa rais, na viti vya kaunti vinarudi mezani. Kliniki ikifungwa mikononi mwa Tembo, Punda watachukua kaunti yote. Ukiiokoa wewe, utakuwa umemwokoa Royce. Mwenyekiti wa Tembo naye, nilikuja kusikia, alimwendea Royce. Akamwambia mtambo ukipita kwa kura ya Twila, watasema Twila ndiye aliyeshinda. Ngoja uingie, uulete kwa jina lako, au usiulete kabisa. Wawili hawa hawakukutana. Kila mmoja alifika mwenyewe kwenye shauri lile lile.

Jioni ya mkutano tulikaa safu ya mbele. Royce alikuwepo kama mgeni. Twila akasimama. Akausifu ushirikiano wa vyama. Akaisifu Siku ya Kurudi. Akasema jambo zito hivi halifai kupitishwa na mtu anayeondoka, akaomba lisogezwe hadi Januari, lipitishwe na baraza jipya, vyama vyote viwili kwa pamoja.

Orpha aliomba kusema. Walimpa dakika mbili, kwa saa ya ukutani. Alijishikilia kwenye kiti cha mbele yake.

"Tarehe thelathini na moja Desemba inatangulia Januari," akasema. "Hilo hata kuku wangu wanalijua."

Watu wakacheka. Mwenyekiti wa baraza akamshukuru.

"Sijamaliza. Nyie wawili mliahidi ndani ya gari. Mimi nilikuwepo."

Akamshukuru tena.

Mikono mitano ikanyanyuka kusogeza jambo mbele. Wote watano, hata wale wawili waliotaka mtambo, maana bila Twila ungeanguka. Mwaka mzima ule hawakuwahi kukubaliana kwa sauti moja ila usiku ule.

Twila alitukuta kwenye ukumbi wa nje.

"Ni wiki chache tu, Orpha."

"Mimi sihesabiwi kwa wiki. Bila mashine ni siku kumi."

"Si kuna ile kliniki ng'ambo ya daraja?"

"Umewahi kutapika saa moja na nusu ndani ya pikapu, Twila?"

"Wataileta Januari. Nimehakikishiwa."

"Ulisema ndani ya gari."

Twila akavuta skafu yake. "Shoga, ile si sherehe tu?"

Orpha alifunga vifungo vya koti lake.

"Kumbe," akasema.

Hilo ndilo neno la mwisho alilomwambia. Walijuana miaka sitini na mitatu.

Kliniki ilifungwa tarehe thelathini na moja mchana. Wauguzi walilia, wakatugawia keki. Januari baraza jipya likakaa. Royce akasema kwa kuwa kliniki imekwisha kufungwa, haraka imekwisha, bora iundwe kamati. Wakaiunda, Punda watatu na Tembo watatu, ili kusiwe na upendeleo. Nilimngoja Royce mlangoni. Alipita na watu wake, akanigusa bega. "Tuko pamoja, mzee," akasema. Hakusimama.

Tukaanza safari za daraja. Tunaondoka saa kumi alfajiri, tunarudi saa saba mchana, na kesho yake analala mchana kutwa. Ndoo kati ya magoti yake. Mara nyingine anatania, anasema akifika mbinguni atamwuliza Mungu ni Punda au Tembo, akijibu tu anarudi. Mara nyingi hasemi. Wiki ya tatu barafu ilishika, wakafunga daraja. Tulikosa Alhamisi. Jumamosi tulikosa pia. Jumapili miguu yake ilikuwa kama ya mtu mwingine, na kifua kimejaa maji. Helikopta ilimpeleka hospitali, ambulensi ikamrudisha baada ya siku sita.

Niliwapigia watu simu. Mimi si mtu wa simu. Nilimpigia Royce mara nne, msichana wa ofisini akawa ananijua sauti. Nilimpigia kila aliye kwenye kamati. Wa Punda walisema wanawangoja Tembo. Wa Tembo walisema wanawangoja Punda. Nilikwenda kwenye kikao chao cha kwanza, kilikuwa kimeahirishwa. Nilikaa ndani ya pikapu nje ya jengo mpaka mlinzi akaja kuniuliza kama mimi ni mzima.

Februari, Jumatatu, nilikuwa navaa buti ili nikapashe gari moto kwa ajili ya kesho. Orpha alikuwa kitandani.

"Vua," akasema.

"Kesho ni Jumanne."

"Najua ni lini. Vua buti, Elwood. Siendi tena."

Nilimwambia mengi. Nilisema maneno mengi jioni ile kuliko mwaka mzima. Nilimwambia tuuze kuku tuhamie ng'ambo. Nilimwambia Dean anakuja. Nilimwambia kamati inakaa tarehe kumi na saba. Alicheka hapo.

"Nimechoka na barabara," akasema. "Sijachoka na wewe. Usichanganye."

Alikaa siku tisa. Twila alikuja hadi barazani siku ya tano, Orpha akatikisa kichwa, nikamrudisha. Siku ya saba nilimwomba anisamehe kwa kura ile. Alikuwa ameanza kusinzia katikati ya maneno.

"Ile?" akasema. "Nilijua naolewa na Tembo."

Alikufa Jumatano, saa tano asubuhi. Dean alikuwa amemshika mkono mmoja na mimi mmoja.

Mazishini walikuja watu wengi. Punda walileta vyakula, Tembo walileta vyakula, friji ikajaa. Wenyeviti wote wawili walikuwepo, kila mmoja upande wake wa kanisa.

Mwezi mmoja baadaye mwenyekiti wa Punda alikuja kwangu. Akaomba picha ya Orpha, ya kuweka kwenye karatasi za kampeni. Ingeandikwa kwamba Tembo walifunga kliniki yake. Nilisema hapana. Wiki ile ile, mwenyekiti wa Tembo akaja. Naye akaomba picha. Yake ingeandikwa kwamba Twila alikuwa na kura mkononi akaificha. Ni mtu ambaye chama chake nimekipigia kura maisha yangu yote. Nilimkaribisha ndani, nikampa kahawa.

Nikamwuliza zile mashine nne ziko wapi siku hizi.

Hakujua. Alisema ataulizia. Akaandika kwenye kijitabu chake, akamaliza kahawa, akaondoka bila picha.